Rangi ya Jioni

Nyumba huuzwa asubuhi. Mama Rangi alikuwa amewaambia wateja wake maneno hayo mara nyingi hata wengine wakawa wanammalizia. Mnunuzi huja asubuhi, ameshiba, hajachoka, mkewe yuko ubavuni anafungua makabati, na mwanga unaingia kila kona bila huruma. Ukuta uliokudanganya jana jioni ndio saa hiyo unakuumbua. Kwa hiyo rangi ya nyumba ya kuuza huchaguliwa asubuhi, ikatazamwa tena mchana, na jioni isihesabiwe kabisa, maana jioni hata banda la kuku linapendeza.

Jina hilo la Mama Rangi alipewa na madalali, na likamganda ingawa mtoto hakuwa naye. Mume aliwahi kuwa naye. Waliachana bila kelele na bila kugombea kitu, na labda huko kukosa cha kugombea ndiko kulikomuuma zaidi. Kazi yake ilikuwa kuandaa nyumba zinazouzwa. Aliondoa picha za harusi ukutani, akapunguza viti, akabadili mapazia, na zaidi ya yote akachagua rangi ambayo mgeni akiingia tu mlangoni atajiona amefika kwake. Nyumba ya kuuza haitakiwi kuwa na mwenyewe, ndivyo alivyokuwa akisema. Alikuwa hodari sana wa kuwafuta watu.

Kwake alikopanga, chumba na sebule, kuta zilikuwa na weupe uleule alioukuta, na juu ya kochi bado kulikuwa na doa lililoachwa na kichwa cha mpangaji aliyemtangulia. Kinyozi hajinyoi. Rafiki zake walimcheka kwa hilo, naye akacheka nao. Walipoondoka alilitazama lile doa akajiuliza apake rangi ili aione nani.

Nyumba ya Fundi Miwani aliletewa na dalali aliyeitwa Kesho Asubuhi. Ukimuuliza dalali yule jambo lolote, mteja anakuja lini, fundi wa bomba anakuja lini, jibu lake lilikuwa hilohilo, na ajabu ni kwamba mara nyingine ilikuwa kweli. Alimweleza kwamba mwenye nyumba ni mjane, mtu mpole mwenye duka la kupima macho na kusaga vioo vya miwani. Mkewe alifariki kwa maradhi. Dada yake mkubwa, anayeishi mji wa mbali, anataka nyumba iuzwe ili mdogo wake ahamie kwake atunzwe. Ikiuzwa tu, anaondoka.

"Kwa hiyo ifanye iuzike haraka, Mama Rangi," alimwambia. "Dada mtu hana mchezo."

Mama Rangi akaitikia. Hakuona ugumu wowote.

Aliingia humo mara ya kwanza jioni, kwa kuwa mchana kutwa mwenyewe alikuwa dukani. Sebule ilikuwa na dirisha kubwa lililoelekea machweo, na ukuta wa mbele yake ulikuwa na rangi ya papai lililoiva. Jua liliupiga ule ukuta mpaka chumba kizima kikawa kama kimepandwa na homa. Mama Rangi alisimama mbele yake akatikisa kichwa, akasema huo ndio wa kwanza kuondoka.

"Huo aliuchagua marehemu," Fundi Miwani alisema nyuma yake. "Nilimwambia utatuunguza macho. Akaniambia, wewe si una miwani?"

Alisema akicheka, kisha kicheko kikaishia njiani. Mama Rangi alizoea wateja wanaolia wakitolewa picha zao ukutani, na alikuwa na maneno yake ya kuwapoza. Kwa huyu maneno yalimkimbia. Aliuliza tu ngazi yake aiweke wapi.

Jikoni aliona kisahani kimoja, kikombe kimoja, na mkate uliokatwa juu ya meza isiyo na kiti. Fundi Miwani alifungua kabati la juu akatoa kikombe cha pili, akakiosha kwa muda mrefu kuliko kikombe kinavyohitaji, akamkaribisha chai. Walikunywa wamesimama, kila mmoja ameegemea upande wake wa mlango.

Kawaida yake, kabla ya kupaka ukuta mzima, Mama Rangi hupaka vipande vya majaribio, kila kimoja ukubwa wa gazeti lililofunguliwa, kisha huviacha vikauke avitazame. Kwenye ule ukuta alipaka vitatu. Jioni iliyofuata alirudi, Fundi Miwani akavua miwani, akavaa tena, akasogea, akarudi nyuma. Kimoja kilikuwa baridi mno, cha pili kilimkumbusha hospitali, cha tatu hakikuwa kibaya ila bado. Mama Rangi akachanganya vingine. Jioni nyingine navyo vikawa bado. Ukuta ukajaa viraka kama suruali ya fundi makenika, na hakuna kati yao aliyelalamika.

Fundi Miwani alimpa ufunguo ili awe anaingia mchana akitaka. Mama Rangi, ambaye mkoba wake ulikuwa umejaa funguo za nyumba za watu, alisema yeye hapendi kuingia nyumba ya mtu bila mwenyewe. Alilisema bila kupepesa. Msomaji, wewe na mimi tumeshajua kinachoendelea. Yeye alikuwa bado anajiambia ni mambo ya mwanga.

Walizungumza nini jioni zote hizo? Vitu vidogo. Fundi Miwani alimweleza juu ya wazee wanaokataa miwani mpaka wawasalimie watu wasio wao. Naye akamsimulia juu ya mteja aliyetaka choo cheusi. Mara nyingine walinyamaza, na kimya chao hakikuwa kile cha kwake nyumbani, kile kinachomfanya mtu awashe redio bila kusikiliza. Siku moja tone la rangi lilimrukia Mama Rangi shavuni akipiga brashi juu. Fundi Miwani akatoa mfukoni kitambaa kile laini cha kufutia miwani, akamfuta polepole, kama anavyofuta kioo asikikwaruze. Macho yao yakakutana kwa karibu kuliko yalivyowahi. Mama Rangi alikwenda kwake usiku huo akalala na shavu lile juu, jambo ambalo mtu wa umri wake asingelikiri hata kwa mateke.

Shangazi yake alimpigia simu kuuliza hali, akasikia sauti imebadilika, akamchimba mpaka akapata. Hakufurahi. Alimwambia mwanamume aliyefiwa hatafuti mke, anatafuta mtu wa kuwasha taa. Mama Rangi akamjibu kwamba yeye anapaka ukuta tu. Shangazi akaguna.

Kisha jioni moja jua lilishuka likagusa kiraka kimoja cha pembeni, rangi ya asali iliyochanganywa na maziwa, na ukuta ukatulia. Chumba kikawa na joto bila kuunguza. Wote wawili wakasema "Hiyo" kwa pamoja, wakacheka, halafu wakanyamaza, kwa kuwa rangi ikipatikana kazi inakwisha, na kazi ikiisha nyumba inauzwa.

Aliipaka kesho yake alasiri, yeye na rola yake, mpaka giza. Fundi Miwani alishika ngazi muda wote ingawa ngazi haikuwa inayumba.

Kesho Asubuhi alimpigia simu asubuhi, safari hii kweli.

"Mama Rangi, umeona ulichokifanya?"

Alimweleza kwamba wanunuzi wamekuja, mume, mke na mtoto wao, wameipenda nyumba kuanzia getini. Walipofika sebuleni mtoto akauliza mbona ukuta una rangi ya ufizi. Mama mtu akaangua kicheko, akashindwa kujizuia, wakaondoka wakichekea hukohuko njiani. Na dada mtu alikuwepo, kasafiri kuja kushuhudia.

"Una uhakika umeitazama asubuhi?" dalali aliuliza. Hakuwa na hasira. Alikuwa na wasiwasi wa kweli, kama mtu aliyemkuta mpishi wake amesahau chumvi. "Wewe?"

Mama Rangi akakata simu. Alibeba mkoba wake akaenda.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia nyumba ile asubuhi. Mwanga ulikuwa mweupe na mkavu, ukiingia kwa mlango wa nyuma, na asali yake yote na maziwa yake yote yalikuwa yamegeuka waridi la kinywani. Yule mtoto alikuwa hajakosea. Mama Rangi aliona aibu iliyoanzia miguuni. Fundi aliyeanza jana asingelifanya kosa lile. Lingefanywa tu na mtu ambaye asubuhi ilikuwa imemtoka akilini.

Dada mtu alikuwa ameketi kwenye kiti pekee, mkoba magotini. Alikuwa mwanamke mkubwa, nadhifu, mwenye macho ya mdogo wake yasiyo na miwani. Mama Rangi akamwamkia, "Shikamoo, dada," akaitikiwa marahaba ya kukata.

"Dalali ananiambia katika kazi hii huna mpinzani," alisema. "Akanipa na usemi wako, kwamba nyumba huuzwa asubuhi."

"Ndivyo, dada."

"Basi hii rangi uliichagua saa ngapi?"

Mama Rangi akautazama ukuta. Ukuta haukumsaidia.

"Mnunuzi haji jioni, bibie. Anayekaa humu jioni ni mdogo wangu. Nyumba hii hukumpambia mnunuzi." Alisema bila kupandisha sauti, na ingekuwa nafuu angepandisha. "Watu wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wewe umekohoa ukuta mzima."

Kama pasingekuwa na maumivu ndani yake, Mama Rangi angecheka. Aliomba radhi kwa kazi mbovu, akasema ataurudia ukuta leo hii.

"Sijamaliza. Simzuii mtu kupenda. Hata yule marehemu watu walidhani simtaki, na mimi ndiye niliyemwosha. Lakini mdogo wangu hajui anachotaka. Tangu afiwe anakula mkate amesimama. Mtu wa namna hiyo atampenda yeyote atakayeingia akaleta kelele kidogo. Akizinduka akaona ulikuwa kelele tu, wewe utakuwa wapi?" Hapo sauti yake ikalegea. "Ng'ombe akivunjika mguu hurudi zizini. Niache nimrudishe. Akipona, miguu anayo."

Mlango wa chumbani ulifunguliwa, Fundi Miwani akatoka. Siku hiyo hakufungua duka. Dada yake alimtazama, akamtazama Mama Rangi, akainuka kwa kujikongoja, akasema anakwenda kuongea na dalali getini. Alikuwa mkali lakini hakuwa mtu mbaya, na Mama Rangi alitamani angekuwa mbaya ili iwe rahisi.

Wakabaki wawili, na mwanga ule usio na huruma. Mama Rangi aliona mvi za Fundi Miwani ambazo jioni hazikuonekana, na mikunjo kwenye kola ya shati alilopiga pasi mwenyewe. Naye bila shaka alionwa. Upendo wake haukupungua hata chembe, na hilo ndilo lililomtisha.

"Niliiona jana asubuhi," Fundi Miwani alisema. "Nilipoamka nikaiona ilivyogeuka."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungekuja kuirekebisha." Akasogea karibu. "Iache hivyo. Ikibaki hivi hainunuliki. Isiponunuliwa, siendi."

Neno "iache" lilimwingia Mama Rangi kama maji kwa mwenye kiu. Ingekuwa rahisi namna gani. Akusanye brashi zake tu, amwambie Kesho Asubuhi praima, ile rangi ya kutangulia, imekwisha madukani, na jioni ije, na chai ije, na vikombe viwili. Nani angemlaumu? Alikuwa na haki yake, amefuta nyumba za watu maisha yake yote bila kuiba hata msumari.

"Usiende kwa sababu gani?" aliuliza.

"Kwa sababu jioni nyumba hii si tupu tena."

"Ni mimi unayemtaka? Au ni mtu wa kuwa hapa jua likizama?"

Fundi Miwani alivua miwani. Akatoa kitambaa, akafuta kioo kimoja, akafuta cha pili, akarudia cha kwanza. Mama Rangi alisubiri. Alikuwa tayari kuamini uongo, mradi uje upesi.

"Sijui," alisema mwishowe. "Ningekujibu haraka ningekuwa nakudanganya. Nikikuona nafurahi. Usiku nikilala bado namwita yeye."

Angalau hakumdanganya. Mama Rangi alihisi machozi yanakuja, akayaacha yaje, hapakuwa na mtu mwingine wa kumwonea haya.

"Mimi najua," alisema. "Mimi nakupenda. Sina kwangu pa kuonyesha, sina ukuta hata mmoja niliowahi kuupaka kwa ajili yangu, mpaka nilipokuja hapa nikaupaka huu. Ndiyo maana siwezi kuuacha. Ukibaki hapa, ubaki kwa kuwa umetaka. Usibaki kwa sababu ya rangi mbovu."

Akafungua mkoba, akatoa msasa na bisibisi.

Kabla ya kupaka ukuta, kifuniko cha swichi hufunguliwa. Fundi Miwani alishika skrubu kiganjani wakati yeye anakivuta. Nyuma yake pakaonekana papai, lile la marehemu, halijafifia, na chini ya papai ukingo wa buluu ya watu waliokaa humo kabla yao. Asali ya juzi ilikuwa imeishia hapo pembeni, mstari mwembamba.

"Kumbe zinabaki," Fundi Miwani alisema.

"Zinabaki. Hakuna fundi anayepaka nyuma ya swichi."

Akapaka praima, akasubiri, akapaka tena. Akachanganya rangi nyepesi ya ganda la yai la bata, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akairudisha, akaongeza tone, akaipeleka tena. Mikono ilifanya kazi yake vizuri ajabu. Fundi Miwani hakushika ngazi safari hii. Alikaa kwenye kiti cha dada yake akimtazama mpaka ukuta wote ukawa safi, wa heshima, na si wa mtu yeyote.

Nyumba ikanunuliwa na watu walewale. Mama mtu alisimama sebuleni akasema, sijui kwa nini, hapa najiona nimefika. Kesho Asubuhi alimsimulia Mama Rangi kwa furaha, akashangaa mbona mwenzake hafurahi.

Siku ya Fundi Miwani kuondoka, Mama Rangi alikwenda kumuaga, akasema amekuja kuchukua ngazi. Dada mtu alikuwa ameshaingia ndani ya gari. Alimwinulia mkono dirishani, salamu ya mtu kwa mtu. Fundi Miwani alisimama getini na begi lake moja, na chini ya kwapa kopo dogo la ile asali na maziwa iliyobaki.

"Hiyo haitakufaa," Mama Rangi alimwambia. "Inataka dirisha la machweo."

"Nitaomba chumba chenye dirisha la machweo." Akahamisha kopo kutoka kwapa hili kwenda lile. "Nikifika, jioni nikishatulia, nitakupigia."

"Usinipigie jioni."

Akamtazama.

"Jioni kila mpweke ana la kusema," alisema. "Hata mimi. Siku ukiamka asubuhi umelala vizuri, umekaa chini ukanywa chai yako, huna huzuni yoyote, na bado ukanikumbuka, siku hiyo nipigie."

Fundi Miwani akaitikia kwa kichwa. Akamtia kitambaa chake cha miwani kiganjani, akakifunga kiganja chake kwa mikono miwili, akakishika muda ambao dada yake garini alijifanya haoni. Gari likaondoka. Mama Rangi alibeba ngazi yake begani akarudi kwake kwa miguu, ingawa ni mbali.

Jioni za baada ya hapo hazikuwa mbaya sana, kwa kuwa hakuzitegemea. Tatizo lilikuwa asubuhi. Aliamka kabla ya jua, akanawa, akachana nywele, akaiweka simu juu ya meza mahali inapoonekana, akajidai kutafuta vitu vingine. Mwanga uliingia ukatambaa juu ya ukuta mweupe, juu ya doa la kichwa cha mpangaji asiyemjua, ukapita. Watu walikwenda kazini. Naye akaenda.

Asubuhi moja ikalia. Aliirukia hata chai ikamwagika, akaipokea kwa sauti ambayo hata yeye hakuijua.

"Mama Rangi," alisema Kesho Asubuhi. "Mbona siku hizi unapokea simu kama mtu aliyeahidiwa kitu?"

"Niambie nyumba iko wapi."

Akamweleza. Ya ghorofa, vyumba vina giza, wenyewe wamesafiri, ufunguo uko kwa mlinzi, anaweza kuingia saa yoyote anayotaka. Mama Rangi akasema atakwenda leo, kabla mwanga haujageuka. Akakata simu, akafuta chai iliyomwagika, akaumega mkate wake akautia kinywani, na hapo ndipo alipojiona.

Alikuwa amesimama. Hakukumbuka ni tangu lini.

Akavuta kiti, akakaa, akala taratibu mpaka akamaliza.